Kupanda nyanya kwenye ndoo barazani wakati msimu umeshakuacha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ikifika mwisho wa mwezi wa nane watu wanaanza kunisimamisha njiani, majirani, ndugu, mama wa genge, na swali ni lilelile: bado naweza kupanda nyanya au nishachelewa? Majibu haya ni ya mtu anayekaa Dar, ana baraza la saruji na ndoo kumi na mbili, hana shamba. Ukiwa Bagamoyo, Tanga, Unguja au Mombasa hali yako ni karibu hiihii. Wa Arusha, Mbeya, Nairobi na nyie mlioko nje ya nchi, yenu yako mwishoni kabisa.

## Kalenda kwanza

Kuchelewa maana yake nini hasa kwa sisi wa Pwani?

Watu wengi wanadhani adui ni jua, ndo maana wanakimbilia kuweka nyanya kivulini, na huko ndo wanaiharibu zaidi. Jua la mchana nyanya inalivumilia ikiwa na maji, kinachoishinda ni usiku wa joto. Ua la nyanya linataka usiku uwe wa baridi kiasi, nyuzi 15 mpaka 21 hivi, ukikaa juu ya nyuzi 24 na mchana ukapita 32 chavua inaharibika, ua linachanua vizuri kabisa la njano halafu siku mbili tatu linadondoka bila kuacha tunda.

Sasa angalia Dar. Mwezi wa saba usiku unashuka mpaka nyuzi 18 au 19, unajifunika shuka. Desemba mpaka Februari usiku ni 24, 25, feni haizimwi. Kwa hiyo msimu mzuri wa nyanya kwetu ni kupanda mwisho wa masika, mwezi wa tano au wa sita, ili maua yaje kwenye kipupwe. Ukipanda Agosti mwishoni au Septemba unakuwa umechelewa, kwa sababu maua yatakuja joto likiwa linapanda.

Naomba ushike hili kuliko vingine vyote: usihesabu siku ya kupanda, hesabu siku ya maua.

Leo ni katikati ya mwezi wa tisa na sina hata mche mmoja. Niendelee au niache?

Endelea, ila usianze na mbegu. Mbegu inataka wiki tatu mpaka nne kitaluni ndo iwe mche wa kuhamisha, kisha wiki nyingine nne mpaka maua, ukianza leo maua yatakuja katikati ya Novemba na hapo usiku umeshakuwa mzito. Ukinunua miche iliyo tayari maua ya kwanza unayaona katikati ya Oktoba, yanakamata mpaka Novemba mwanzoni, na unavuna kuanzia mwisho wa Novemba mpaka Krismasi. Wiki nne ulizookoa ndo zenye nyanya.

Na nikipanda mwezi wa kumi?

Hapa ntakwambia yaliyonikuta mimi mwenyewe. Kuna mwaka nilihamisha miche sita tarehe 3 Oktoba, miche mizuri, majani mapana, nikawa nafurahi kila asubuhi naitazama. Maua yakaja Novemba kwa wingi. Basi nikawa nafagia baraza nakuta maua ya njano yapo chini kwenye saruji, na kila moja limekatikia palepale, kwenye kile kifundo kidogo katikati ya kikonyo chake, kama mtu ameyakata na ukucha. Nikadhani ni mdudu. Nikapiga dawa. Nikaongeza mbolea. Yakaendelea kudondoka, na ndoo sita zikanipa nyanya tisa, nilizihesabu. Hakukuwa na mdudu wala nini, ni usiku tu ulikuwa wa joto.

Kwa hiyo jibu langu la mwezi wa kumi: nyanya za kawaida za mchuzi, hapana. Nyanya ndogo zile za cherry unaweza kujaribu ndoo mbili (ona swali la aina za mbegu). Ndoo zilizobaki weka bamia, pilipili, nyanya chungu, mchicha, matembele, hizo joto ni lao. Mwezi wa tano rudi kwenye nyanya.

Mvua za vuli zikija si zitapoza hali ya hewa?

Zinapoza mchana kidogo, usiku hazisaidii sana kwa sababu unyevu unabana joto. Tena zinaleta ukungu kwenye majani. Ila kama baraza lako lina paa, hapo una bahati kuliko mwenye shamba, maana majani yako hayalowi, na majani makavu ndo nusu ya kinga. Usiitoe ndoo nje eti ipate maji ya mvua.

## Miche na mbegu

Miche ya kununua naichaguaje?

Watu wanapenda mche mrefu wenye ua tayari, wanaona kama wamepata faida. Usichukue huo. Chukua mfupi, shina nene kama kalamu ya wino, majani manne mpaka sita, kijani kilichokoza. Geuza jani uangalie chini yake, ukiona vidudu vyeupe vinaruka kama unga, acha kabisa hata kama anakupunguzia bei, hao ni nzi weupe na utapeleka ugonjwa nyumbani (ona rasta huko chini). Kama una haraka na mrefu tu ndo upo, ununue, ila ung'oe ua na uuzike shina mpaka karibu na majani ya juu, shina la nyanya likifukiwa linatoa mizizi pembeni.

Miche imeisha kila mahali. Hakuna njia nyingine?

Ipo na ni nzuri mno, sijui kwa nini haisemwi sana. Tafuta mtu mwenye nyanya zenye afya, jirani, shangazi, yeyote, umwombe yale machipukizi yanayoota kati ya shina na jani, ambayo yeye anayakata na kutupa. Chukua lenye urefu wa sentimita 15 hivi, ondoa majani ya chini, liweke kwenye glasi ya maji kivulini au lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Siku 7 mpaka 14 limetoa mizizi. Na kwa kuwa linatoka kwenye mmea mkubwa, linatoa maua mapema kuliko mche wa mbegu. Mimi Septemba sasa hivi sinunui miche kabisa, nachukua machipukizi ya nyanya zangu za kipupwe. Sharti moja tu, mmea mama uwe mzima, maana chipukizi linabeba magonjwa yote ya mama yake.

Aina gani ya nyanya inafaa kwa ndoo na kwa kuchelewa?

Kuna nyanya fupi na kuna nyanya ndefu, hili ndo la kwanza kujua. Fupi zinafika urefu fulani zinaacha, zinatoa matunda yake karibu kwa pamoja: Cal J, Roma, Rio Grande, Tanya. Ndefu zinaendelea kupanda tu mpaka umezikata: Moneymaker, na F1 nyingi (mbegu chotara) kama Anna. Ukiwa umechelewa chukua fupi, kwa sababu unataka maua yote yaje haraka kabla joto halijakufunga mlango, nyanya ndefu itakuwa inaanza kuchangamka wakati usiku umeshaharibika.

Kwangu Cal J na Tanya ndo zimenitendea haki. Tanya ilitoka mwaka 1997 pamoja na Tengeru 97, zote kutoka kituo cha utafiti cha Tengeru kule Arusha, ina ngozi ngumu na inakaa siku nyingi jikoni bila kulainika. Nyanya za cherry ni ndefu nyingi yao lakini zinakamata tunda hata kwenye joto ambalo nyanya kubwa zimeshashindwa, ndo maana nazitoa kwenye kanuni hiyo. Beefsteak na zile kubwa za kukata saladi achana nazo msimu huu.

Si naweza kukamua mbegu za nyanya ya sokoni?

Zitaota, ndiyo. Lakini hujui kama ilikuwa F1 ambayo watoto wake hawafanani nayo, hujui ni fupi au ndefu, na juu ya yote umerudi kwenye mbegu wakati wiki huna. Fanya hivyo mwezi wa tano ukiwa na nafasi ya kujaribu.

## Ndoo na udongo

Ndoo ya ukubwa gani?

Lita 20, mche mmoja. Najua mnapanda miwili mnasema udongo ni mwingi. Mmoja! Ndoo ya lita 10 inaweza kubeba cherry au fupi ndogo kwenye kipupwe, lakini ukiwa umechelewa na joto linakuja, ndoo ndogo inakauka saa 6 mchana na hapo hakuna cha mbolea wala dawa kitakachokuokoa. Ndoo za rangi za ukutani zinafaa ukiziosha vizuri sana, za mafuta ya kula ni bora zaidi. Ndoo iliyokuwa na dawa ya kilimo au kemikali ya kiwandani usiiguse, hata ukiiosha mara ngapi. Mifuko ya salfeti ya kilo 50 ukiikunja nusu nayo inafaa, inapumua vizuri ila inakunywa maji zaidi.

Matundu mangapi, na ndoo nyeusi ina shida?

Matundu sita mpaka nane chini, upana wa kidole kidogo, na mawili ubavuni karibu na chini kabisa, yale ya ubavuni yanasaidia ndoo ikikaa sakafuni matundu ya chini yakaziba. Inue ndoo kwa vipande vya tofali.

Nyeusi ina shida, tena kubwa kwa msimu huu. Jua la saa 9 alasiri likiipiga ubavu, udongo wa pembeni unachemka na mizizi iliyogusa plastiki inakufa, unaona mmea umelala wakati udongo bado una maji. Ivalishe salfeti jeupe, au ipake chokaa, au panga ndoo zikingane. Saruji nayo inatoa joto mpaka usiku, ndo sababu nyingine ya kuinua ndoo kwa tofali.

Udongo nachanganyaje?

Mimi naweka ndoo moja ya udongo mweusi wa juu, ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri, na nusu ndoo ya makapi ya mpunga au makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi uyaoshe kwa maji mara mbili tatu kwanza, yana chumvi. Mchanga wa ufukweni usiuweke kamwe kwa sababu hiyohiyo. Samadi ya kuku ni kali, kama bado inanuka amonia inaunguza mizizi, ikae kwanza mwezi mzima na zaidi.

Usijaze mpaka juu. Acha vidole vinne, uweke matandazo: nyasi kavu, majani ya mgomba yaliyokauka, chochote. Matandazo kwenye ndoo wengi wanayadharau, wanaona ni mambo ya shambani, lakini ukiyafunua saa 8 mchana ukaweka kiganja kwenye udongo unakuta umepoa na una unyevu, na ndoo ya pembeni isiyo nayo imepasuka nyufa.

Udongo wa msimu uliopita naweza kuurudia?

Kama mimea ilikufa kwa mnyauko, usiurudie kwa nyanya wala bilinganya wala pilipili wala viazi mviringo, hizo ni ukoo mmoja na ugonjwa ni uleule. Panda mchicha au mahindi humo. Kama mimea ilikuwa mizima, changanya na samadi mpya nusu kwa nusu uendelee. Wenye muda wanaloanisha udongo, wanaufunika na nailoni ya kuonyesha juani wiki nne mpaka sita, joto linapunguza vimelea na minyoo fundo. Ila wewe uliyechelewa wiki sita huna.

## Jua, maji, mbolea

Baraza langu linapata jua la asubuhi tu. Inatosha?

Kwa kuchelewa hilo ndo baraza zuri. Nyanya inataka saa sita za jua na zaidi, na la asubuhi mpaka saa 7 mchana ni bora kuliko la alasiri. Ukiwa na baraza linaloangalia magharibi, tundika wavu wa kivuli au kanga nyepesi kuanzia saa 8 mpaka saa 11. Chini ya saa nne za jua, samahani, utapata majani tu.

Namwagilia mara ngapi?

Hakuna ratiba, kuna kunyanyua. Shika mdomo wa ndoo uiinamishe kidogo, ikiwa nzito acha, ikiwa nyepesi mwagilia mpaka maji yatoke chini. Baada ya wiki moja mkono wako utakuwa umejua. Mmea mkubwa wenye matunda mwezi wa kumi na moja unakunywa lita 2 mpaka 3 kwa siku, mimi nagawa asubuhi mapema na saa 11 jioni. Mwagilia udongo, usimwagilie majani.

Kitu kibaya kuliko kukosa maji siku moja ni kumwagilia kwa kurukaruka, leo umesahau kesho umefurika keshokutwa umesahau tena. Huko ndo kunatoka kitako cheusi na kupasuka, nimeeleza kwenye sehemu ya matunda.

Majani yakilegea saa 8 mchana na yakasimama tena jioni, huo ni mmea unajikinga na joto, usikimbilie kumwaga maji. Yakiwa yamelegea asubuhi saa 1, hapo kuna jambo.

Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Nitafaulu?

Inategemea chumvi kiasi gani. Yale ambayo ukionja unasikia kabisa na sabuni haitoi povu, nyanya itaishi ila itakuwa fupi, ncha za majani zinaungua, matunda madogo. Mambo matatu: changanya na maji ya bomba au ya mvua nusu kwa nusu, mwagilia kwa wingi hadi yatoke chini ili chumvi isijikusanye, na ukiona utando mweupe juu ya udongo ukwangue utupe. Vuli ikianza kinga maji ya bati, hayo ni dhahabu.

Mbolea ipi, na kiasi gani?

Samadi uliyochanganya inatosha wiki tatu za kwanza. Ukianza kuona vitumba vya maua weka NPK 17:17:17 (mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu), kijiko kimoja cha chai kwa ndoo, kila baada ya wiki mbili, ipeleke mbali na shina, kwenye udongo wenye unyevu. Matunda yakiwa kama gololi, badala ya NPK mara moja weka CAN kijiko kimoja cha chai, ina kalisi. UREA iache. Ndoo si ekari, chumvi ya mbolea haina pa kukimbilia, na ukizidisha naitrojeni unapata mti wa kijani wa kupendeza usio na ua hata moja.

## Maua na matunda

Maua yanadondoka yote, nifanyeje?

Kwanza tazama kalenda, kama ni Desemba soma lile jibu la mwezi wa kumi. Kama bado ni Oktoba kuna vitu vya kufanya: hakikisha maji hayarukiruki, sogeza ndoo mbali na ukuta unaoelekea magharibi maana ukuta unatoa joto usiku kucha, punguza mbolea, na utikise maua.

Huku ghorofani hamna nyuki, maua yatachavushwaje?

Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, linachohitaji ni mtikisiko. Shambani upepo unafanya hiyo kazi, kwenye baraza lenye ukuta pande tatu upepo haufiki. Kila asubuhi kati ya saa 2 na saa 4, kabla joto halijapanda na umande ukiwa umekauka, gonga kidole nyuma ya shada la maua mara tano sita, kama unavyogonga mlango wa chumba cha mgonjwa, taratibu. Weka ukucha wa mkono mwingine chini ya ua uangalie: ukiona vumbi la njano hafifu limeangukia kwenye ukucha, chavua ipo hai na imetoka. Fanya kila siku kwa wiki mbili. Tofauti utaiona mwenyewe, kile kifundo cha kikonyo kinanenepa na petali zinakauka zikiwa zimeshikilia kitunda kama kichwa cha pini.

Nyanya zina doa jeusi lililozama chini kwenye kitako. Ni ugonjwa gani?

Si ugonjwa, haliambukizi, na dawa ya ukungu hailitibu. Ni kalisi haijafika kwenye tunda, na mara nyingi kalisi ipo kwenye udongo tele ila maji ya kuibeba yalikatika. Rekebisha kumwagilia, toa matunda yaliyoharibika, yanayofuata yatakuwa mazuri. Maganda ya mayai watu wanayasifia, mimi nayaweka kwenye mboji kwa ajili ya msimu ujao kwa sababu yanaoza polepole mno, kwa wewe uliyechelewa hayatakuwahi.

Zinapasuka zikikaribia kuiva.

Udongo ulikauka kisha ukapata maji mengi kwa mkupuo, ndani kukavimba ngozi ikashindwa. Mvua ya kwanza ya vuli inafanya hivyo kwa usiku mmoja. Ukiona mawingu, chuma zote zilizoanza kubadilika rangi.

Zimekuwa za njano njano, haziwi nyekundu kabisa. Nilidanganywa mbegu?

Hapana. Joto likipita nyuzi 30 mmea unashindwa kutengeneza ile rangi nyekundu vizuri, inabaki njano na machungwa. Chuma tunda likianza tu kupata wekundu kitakoni, liweke ndani mahali penye hewa pasipo jua, si kwenye friji. Linamalizia kuiva lenyewe kwa siku tatu mpaka tano. Ukitaka haraka liweke kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu moja. Tena kwa kuchuma mapema unawakwepa ndege na panya.

## Wadudu na magonjwa

Majani yana vijia vyeupe kama yamechorwa, kisha yanakauka.

Kantangaze. Ni kiwavi cha nondo mdogo wa asili ya Amerika Kusini, aliingia Tanzania mwaka 2014 na amewatia hasara kubwa wakulima. Anakaa ndani ya jani, kwa hiyo dawa ya kupuliza juu haimfikii kirahisi. Ila wewe una ndoo kumi si ekari kumi, unaweza kumshinda kwa macho: kila asubuhi geuza majani, lenye kijia likate, lifunge kwenye mfuko wa nailoni, uuache juani siku nzima ndo utupe. Ukilitupa tu chini pembeni ya ndoo anatoka anarudi. Vitundu vidogo karibu na kikonyo cha tunda ni yeye pia.

Majani ya juu yamejikunja, madogo, mmea umedumaa.

Hiyo ndo wanaita rasta. Ni virusi vinavyopelekwa na nzi weupe, na kiangazi ndo wanazaliana sana. Hakuna dawa, ng'oa mmea huo leo. Najua inauma, hasa ukiwa na miche minne tu, lakini kila siku unayouacha unawalisha nzi wa kwenda kwenye mingine. Mabaki usiyaache barazani.

Mmea ulikuwa mzuri jana, leo umenyauka wote ukiwa bado wa kijani.

Kama udongo una unyevu, shuku mnyauko bakteria. Pima hivi: kata kipande cha shina karibu na chini, kitundike kwenye glasi ya maji safi ncha ikiwa imezama, usitikise. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka taratibu kutoka kwenye shina, ndo wenyewe. Toa mmea na udongo wote, osha ndoo na jiki, osha na kisu.

Madoa ya kahawia yenye miduara, yanaanza majani ya chini.

Bakajani tangulia, ukungu unaopenda joto na majani yaliyolowa. Kata majani yote yanayogusa udongo, acha sentimita 20 za shina tupu chini. Mara nyingi barazani hilo na matandazo vinatosha.

Nipige dawa gani?

Barazani mnakula, watoto wanacheza, nguo zinaanikwa. Dawa kali za shambani siwezi kukushauri. Saga gramu 50 za mbegu kavu za mwarobaini, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja, weka matone machache ya sabuni ya maji, puliza jioni chini ya majani kila baada ya siku tano mpaka saba. Inasaidia kwa nzi weupe, vidukari na viwavi vidogo. Kwa utitiri mwekundu, ule unaoacha utando mwembamba, piga maji tu kwa nguvu chini ya majani asubuhi siku tatu mfululizo. Kama lazima ununue dawa, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu.

## Hali zisizo za kawaida

Maji yananitoka ndoo yanamwagikia jirani wa chini.

Weka sahani au beseni la kina kifupi chini ya ndoo, na maji yaliyojikusanya yarudishe juu jioni. Usiyaache yamesimama, mbu wa dengi wanazaliana hapo.

Nyanya zangu za kipupwe zimechoka, nizing'oe au nizifufue?

Zikiwa ndefu na hazina ugonjwa, kata shina ubakize machipukizi mawili ya chini, ongeza samadi viganja viwili, zitachipua na kukuwahia maua kabla ya Novemba. Fupi hazifufuki vizuri, ng'oa.

Mimi niko Arusha, Mbeya au Nairobi.

Kwenu shida ni kinyume. Mwezi wa sita mpaka wa nane ndo baridi inawabana, nyanya inakaa haikui na bakajani chelewa inaipiga kwenye ukungu wa asubuhi. Septemba kwenu si kuchelewa hata kidogo, mnaweza hata kuanza na mbegu. Chungeni tu majani yasilowe mvua zikianza.

Niko Muscat.

Kwenu Septemba na Oktoba ndo mwanzo wa msimu, baada ya joto la kiangazi kuvunjika. Aliyechelewa kwenu ni anayepanda Februari, maana Mei ikifika maua yanadondoka kama ya Dar Desemba. Yaliyosemwa hapo juu ya miche, aina fupi na kuivalisha ndoo salfeti yote yanawahusu.

Niko Uingereza au Marekani kaskazini, mwezi wa sita unaisha ndo nimepata ndoo.

Kwenu kinachofunga mlango ni baridi kali ya usiku wa kwanza wa barafu. Ulizia huko ulipo huwa inakuja lini, hesabu kurudi nyuma siku 70 mpaka 80 kwa mche ulio tayari, ukiona bado zipo panda cherry au fupi. Ndoo nyeusi kwenu ni rafiki, iwekeni kwenye ukuta unaopata jua la kusini, joto lile ninalolikimbia mimi ndo mnalolitafuta nyie. Mwezi mmoja kabla ya barafu kata ncha za juu na maua mapya yote ili nguvu iende kwenye matunda yaliyopo, na usiku ule wa barafu ukitabiriwa chuma zote hata za kijani. Zilizokomaa zitaiva ndani na ndizi kama nilivyoeleza, na zile ngumu kabisa zikateni vipande vyembamba mzikaange na kitunguu na bizari, zinaliwa na wali.